Mwembe wa Uani au Mninga wa Buguruni: Uchague Mbao Ipi kwa Fanicha Yako

Mwaka juzi, mwezi wa sita, mama mdogo aliniita kwake Mbagala, Dar es Salaam. Mwembe wa uani ulikuwa umeegemea paa na mizizi imepasua msingi wa ukuta wa jirani, na kibali cha kuukata kilishatoka. Wakati huohuo alikuwa anadunduliza pesa ya meza ya chakula ya watu sita. Akaniuliza, "Mwanangu, hivi huu mti wenyewe hauwezi kuwa meza?"

Nikamwambia unaweza, mama, ila hutaila Idi hii juu yake. Meza ipo mpaka leo. Mwaka uleule nilimtengenezea kaka yangu kabati la nguo kwa mninga wa kununua Buguruni, kwa hiyo njia zote mbili nilizipita kwa wakati mmoja, kwa mikono hii hii na randa hii hii. Tangu hapo ndugu na majirani wananiuliza: nikate mti wangu au nikanunue mbao? Nitaeleza nilivyoziona.

Wengi huanza na bei. Mti uko uani, umekuzwa na mvua, basi mbao ni za bure. Hesabu hiyo inasahau kwamba mti wa uani unadai muda na nafasi kuliko pesa. Gogo likishapasuliwa, mbao lazima zilale kivulini, zimepangwa sawasawa, upepo ukipita kati yake, miezi sita au zaidi kabla hujazigusa kwa randa. Kama umepanga vyumba viwili Sinza na ua mnagawana na wapangaji wanne, nenda kanunue, usijitese. Kama una kiwanja Kigamboni au Chanika, au wazazi wana uwanja na mtu wa kuangalia, endelea kusoma. Mimi swali hilo la nafasi nauliza kabla ya swali lolote la pesa.

Kuangusha na kupasua

Anza na ruhusa. Kwa mti wa mjini, serikali ya mtaa ndiyo mlango wa kwanza, nao watakuelekeza kwa afisa misitu wa manispaa. Ukitaka kuhamisha magogo au mbao kutoka eneo moja kwenda jingine, ulizia hati ya kusafirisha mazao ya misitu kabla kirikuu haijapakia. Wakala wa Huduma za Misitu, yaani TFS, ndio wenye jambo hilo. Kwa mbao za kununua, muuzaji ndiye anayetakiwa kuwa na karatasi hizo, wewe dai risiti na uitunze mpaka ufike nyumbani. Na kama matawi yamegusa nyaya, waite Tanesco wazime umeme kwanza. Hapo hapana ujasiri.

Miti ya Dar es Salaam imebanwa na nyumba, haiangushwi mizima kama ya porini. Mpasuaji hupanda, akapogoa matawi, kisha anashusha shina vipande vipande kwa kamba. Maana yake magogo yanatoka mafupi. Kwa mama mdogo tulipata moja tu la maana: urefu futi nane, unene sentimita 50 upande mwembamba. Gogo hilo bichi lina uzito wa karibu nusu tani. Vijana wanne walilivingirisha hatua tatu wakalikataa. Tukaamua kulipasua palepale lilipolala.

Hapa kuna tofauti ambayo watu hawaioni mpaka wakute rundo la vumbi. Chensoo ikipita mara moja inakula karibu milimita 9 za mti. Mbao ya inchi moja ni milimita 25. Kwa hiyo kila mbao tatu unazotoa, moja nzima imegeuka unga. Msumeno wa mkanda wa kiwandani unakula milimita 2 au 3 tu, lakini gogo lazima ulifikishe huko, na wenye mashine wengi hawataki miti ya uani. Sababu yao niliielewa saa nne asubuhi, chensoo ilipolia kama imegonga jiwe. Ndani ya mwembe, sentimita kumi kutoka gome, kulikuwa na msumari wa inchi nne, mweusi, na mti umeumeza wote. Mama mdogo akakumbuka: ndipo marehemu baba mdogo alipofunga kamba ya kuanikia nguo. Mnyororo ulipoteza meno, na fundi akaongeza bei ya kunoa juu ya malipo ya siku.

Kwa hiyo kabla ya kupasua, kagua shina palipokuwa na kamba, bembea, antena, bango. Ukishapasua, pitisha sumaku kwenye kila ubao. Mimi natumia ya spika mbovu. Haikamati chuma kilichozama sana, ila alama ya rangi ya bluu nyeusi kwenye mbao mbichi inakuonyesha pa kutilia shaka, kwa sababu chuma kinautia mti madoa.

Tulitoka na mbao tisa za inchi moja, nyembamba kabisa ikiwa na sentimita 20 na pana ikikaribia 45. Hiyo ni kama asilimia 40 ya gogo. Zilizobaki ni mabanzi, unga na ule ukanda wa moyo wa katikati ambao niliutoa makusudi, maana ubao wenye moyo wa mti ndani yake utapasuka hata uufunge kwa nyororo. Ukijumlisha mpasuaji, mafuta, kamba na vijana, pesa niliyotoa haikufika nusu ya mninga wa ujazo uleule. Lakini kumbuka sikuwa na mbao kavu bado. Nilikuwa na mbao mbichi.

Miezi ya kungoja

Sehemu hii ndiyo inayoamua, na ndiyo inayodharauliwa.

Mbao ya mwembe ikitoka kwenye chensoo, maji yaliyomo ndani yanakaribia kulingana na uzito wa mti wenyewe ukiwa mkavu. Siku ileile, kabla ya magharibi, nilifanya mambo matatu. Nilipaka ncha za kila ubao rangi ya mafuta iliyobaki kwenye kopo, kwa sababu maji hukimbilia nchani kuliko kwingine kote na ncha ndizo zinazopasuka kwanza. Nilipaka mbao zote mchanganyiko wa boraksi na asidi ya boriki ulioyeyushwa kwenye maji, kwa glavu, wakati mti bado una majimaji ya kuivuta dawa ndani. Halafu nikazipanga: matofali yaliyopimwa kwa uzi yawe usawa mmoja, ubao, fito za inchi moja kila baada ya futi moja na nusu, ubao mwingine juu yake, na fito za juu zikikaa wima juu ya fito za chini. Fito zikipishana, mbao zinakauka na mabonde. Juu nikaweka mawe na mabati mawili, pande zote nikaacha wazi.

Mbao mbili zilibaki bila rangi nchani kwa sababu giza liliniwahi na kopo likaisha. Ndani ya siku nne zilikuwa na nyufa za urefu wa shubiri. Nilizipoteza shubiri hizo pande zote mbili.

Jua la hapa linatamanisha. Utaona mtu ametandaza mbao juani apate kavu baada ya wiki mbili. Ngozi ya nje inakauka na kusinyaa, ndani bado kubichi, matokeo yake ubao unajikunja kama kigae. Kivuli na upepo vinatosha. Mwezi wa sita na wa saba ni wakati mzuri wa kuanza: masika imepita, hewa imepoa, kusi inavuma, na mbao zinapoteza maji polepole bila kushtuka.

Utajuaje zimekauka? Sikuwa na kipimo cha unyevu. Nilikata kipande cha nusu mita, upana sentimita 20, nikakipeleka dukani kwa Mangi, nikamwomba mizani. Kilo 2.6. Nikakichomeka katikati ya rundo, na kila Ijumaa nikipita Mbagala nakirudisha kwake. Mwisho wa mwezi wa nane kilikuwa 2.1. Mwisho wa mwezi wa tisa, 1.7. Vuli ikaingia kikasimama palepale, hata kikapanda kidogo, Mangi akaniambia, "Kaka, mti wako umegoma." Mwezi wa kwanza, kaskazi ikavuma siku kavu mfululizo, kikashuka mpaka 1.5 na kikabaki hapo wiki tatu. Hapo ndipo nilipotoa mbao.

Kwa hewa ya pwani yetu, mbao ya kukaushwa kwa upepo haishuki sana chini ya asilimia 14 ya unyevu, hata uilaze miaka mitano. Kwa nyumba ya madirisha ya kupitisha hewa hiyo inatosha. Kwa ofisi au chumba chenye kiyoyozi mchana kutwa, haitoshi: ubao utaendelea kusinyaa ukiwa tayari ni fanicha. Ingiza mbao kwenye chumba hichohicho, zikae na fito zake wiki kadhaa kabla ya kuunga.

Je, ukinunua unaukwepa usumbufu huu? Nusu tu. Mbao nyingi kwenye mabanda ya kuuzia zimefika juzi, zikiwa na ngozi kavu na tumbo bichi. Mzee mmoja fundi wa Keko ndiye aliyenifundisha. Nilimsalimia, akaitikia marahaba, akaniambia, "Kijana wangu, usishike juu, juu kila mbao ni kavu. Nunua moja kwanza, kata futi moja, weka pale ulipokata shavuni." Nikafanya hivyo kwenye mbao ya kwanza: baridi kama mtungi. Ya banda la tatu ndiyo ilikuwa na joto la kawaida, nikachukua zote hapo. Mwaka mmoja kabla ya hapo nililipia mlango ambao fundi aliniapia ni wa mbao kavu. Baada ya kiangazi kimoja mwanga ulikuwa unapita kati ya vibao vyake. Ukinunua mbao mbichi kwa bei ya kavu, utazikausha mwenyewe vilevile, na pesa umeshatoa.

Mti gani uko uani kwako?

Mwembe si mbao ya heshima sokoni, na kwa sehemu ni haki. Hauna kinga. Wadudu watoboa mbao wanaupenda, na usipopaka dawa mapema utaona unga laini kama sembe chini ya vitundu vya ukubwa wa kichwa cha pini. Ukichelewa kuupanga, ukungu unaupaka michirizi ya bluu. Usiuweke nje kwenye mvua, usiuchimbie chini, usiufanye fremu ya mlango. Vumbi lake na maji yake huwawasha baadhi ya watu ngozi, sawa na mkorosho ambao ni ndugu yake. Lakini ni mbao laini kwa patasi, inashika gundi vizuri, na ikipigwa msasa inatoa rangi ya asali yenye mistari ya kahawia ambayo haifanani kati ya mti na mti. Mafundi wa ngalawa wa pwani hii wanaujua vizuri: huchonga mwili wa chombo kwenye shina la mwembe kwa sababu ni mnene, mwepesi na mtiifu.

Mwarobaini ni habari tofauti. Watu wanauona mti wa dawa tu, kumbe ni wa ukoo mmoja na mkangazi, yaani mahogani ya hapa, na kiini chake, ile mbao ya ndani ya shina, ni chekundu cha kahawia kinachofanana nao. Mchwa huukwepa. Ningekuwa na mwarobaini mnene ulionyooka wa futi sita ningeuthamini kuliko mwembe. Shida ni kuupata ulionyooka, na nyuzi zake zinakwenda huku na huku, randa inang'oa badala ya kulainisha. Noa kisu kila baada ya ubao, chukua kidogo kidogo, malizia kwa msasa.

Mjohoro uliokua mkubwa una kiini cheusi cheusi chenye michirizi, kigumu, kizuri sana kwa meza ndogo. Mfenesi unatoa mbao ya manjano inayogeuka kahawia kadiri miaka inavyopita, na mchwa hawaupendi. Ukiupata usiufanye kuni. Mvinje na mkaratusi vinapasuka mno vikikauka, vipe kazi ya nguzo. Mnazi ni mgumu nje na laini ndani, una njia zake za kupasuliwa, na unamaliza meno ya msumeno haraka. Kwa mtu anayeanza nisingeshauri.

Upande wa kununua, mninga una sababu ya jina lake. Ukishakauka unacheza kidogo sana, haujikunji, wadudu hawagusi kiini chake, na unamsamehe fundi aliyeharakisha. Mkongo ni mgumu na mzito zaidi, mzuri kwa milango. Mtiki unaotoka mashamba ya Longuza kule Muheza na Mtibwa Morogoro ni chaguo zuri, ila kagua kiasi cha sehemu nyeupe ya nje, kwani hiyo haina kinga ya kiini. Msindano wa Mafinga, kutoka Sao Hill, ni mwepesi, wa bei nafuu, una vifundo. Uwe umetiwa dawa, na utumie kwa rafu na fremu za ndani. Na kama mtu anakupigia hesabu ya kabati la dukani la ubao wa vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi, jua kwamba maji ya kudekia ndiyo adui yake, miguu yake itavimba.

Kwenye fanicha yenyewe

Faida ya mti wako ambayo huwezi kuinunua ni upana. Mbao za sokoni nyingi ni za inchi sita au nane. Kwa meza ya mama mdogo, yenye upana wa sentimita 80, niliunga mbao mbili tu, zilizokuwa jirani ndani ya gogo. Nilizifungua kama kitabu, mistari ya upande mmoja ikajibu ya upande wa pili, na kifundo cha tawi kikatokea mara mbili, kushoto na kulia, kama macho. Kabati la kaka yangu ni zuri, limenyooka, milango inafunga kwa kidole. Lakini ni la mbao kumi na nne zilizotoka miti ambayo sitaijua.

Ubao mpana unahitaji kuachiwa upumue. Uso wa meza ya mwembe wa sentimita 80 unaweza kuongezeka na kupungua milimita 5 au 6 kati ya masika na kiangazi. Usiugongomelee misumari kwenye fremu wala kuubana kwa gundi pande zote. Mimi niliushika kwa skrubu kutoka chini, kwenye vibao vyenye matundu marefu, ili mti usogee bila kupasuka. Kwa mninga mwembamba tahadhari hii unaweza kuilegeza kidogo, kwa mwembe hapana.

Miguu niliifanya ya mninga. Mbao nene ya inchi tatu ya mwembe ingehitaji zaidi ya mwaka kukauka, na miguu ndiyo inayokutana na maji ya sakafuni na mchwa. Nilinunua vipande viwili tu, nikavichana. Mchanganyiko huu ndio ninaoupendekeza kwa karibu kila anayeniuliza: uso wa meza uwe wa mti wako, miguu iwe ya mti wa kununua. Unalipa mninga wa kilo chache badala ya meza nzima.

Nikiulizwa kazi kwa kazi: kitanda, kabati la nguo na milango, nunua, maana vinabeba uzito au vinahitaji unyoofu ambao mbao yako ya kwanza haitakupa. Meza, benchi, rafu, vigoda, ubao wa kichwani mwa kitanda, tumia mti wako. Ukiwa na harusi au mgeni wa miezi mitatu ijayo, nunua. Na kama mwembe wako ni mzima, unazaa, na watoto wanacheza chini yake, uache usimame. Sijawahi kukata mti kwa ajili ya meza na sitafanya hivyo. Nachukua ule ambao lazima uondoke, ambao ungeishia kwenye tanuri la mkaa.

Ukiwa na mti wa namna hiyo na kibali mkononi, ongea na mpasuaji mapema akuachie gogo refu kadiri ukuta wa jirani utakavyoruhusu, maana mazoea yake ni kukatakata vipande vya kuni vya kubebeka. Mwambie urefu unaoutaka, uuweke alama kwa chaki kwenye shina kabla hajapanda. Na kopo la rangi ya mafuta liwe limejaa, limekaa tayari chini ya mti.